Nani aliuona msumeno? Kisa cha sanduku la Bruce Lee pale Bondeni

Sanduku lilifika Nakuru ndani ya begi la mpwa wangu, limezungushiwa sweta mbili lisije likakwaruzika. Diski saba za Blu-ray, kijitabu cha makala, mchoro mpya juu ya jalada, na bei iliyozidi dola 100 ambayo mpaka leo hajanitajia kikamilifu. Ni toleo la wakusanyaji lililotoka Marekani mwaka 2020, filamu za Bruce Lee zikiwa zimekarabatiwa upya. Nilimwagiza alilete kwa sababu rika letu hapa Bondeni lililelewa na filamu hizo kuliko lilivyolelewa na mashangazi, na nilitaka tuzione zikiwa safi japo mara moja kabla macho hayajatuishia.

Tulikuwa kumi na mmoja. Fundi redio, makanga wawili waliokwisha kuacha barabara, mwalimu wa hesabu, muuza mitumba na ndugu zake, mama wa samosa ambaye miaka ya tisini aliuzia mlangoni mwa ukumbi wa vidio na kuona kila filamu bure kupitia tundu la pazia. Na Mzee mwenyewe, yule aliyekuwa akitutafsiria kwa maiki iliyounganishwa na spika ya matatu. Nilitegemea machozi ya furaha. Nilichopata ni manung'uniko ya saa mbili, na ubishi ulioendelea hadi kwenye meza ya kahawa siku ya tatu yake.

Kwanza nilikasirika. Mtu amebeba kitu kutoka ng'ambo, halafu mnasema picha mbaya? Lakini nilipotulia nikayapima yale malalamiko moja moja, nikaona mengi yalikuwa na ukweli kuliko nilivyotaka kukubali. Moja tu lilinishinda, na hilo nitalifikia.

Jioni ya kwanza hatukuona kitu. Mashine yangu niliinunua Nairobi. Nikaingiza diski, ikazunguka, ikaleta maandishi meupe kwamba diski hii haiwezi kuchezwa katika eneo hili. Nikaitoa, nikaipangusa kwa fulana, nikairudisha. Yale yale. Fundi redio akaomba rimoti, maana mashine za DVD alizifungua nyingi kwa kubonyeza namba za siri, akabonyeza mpaka betri zikachoka na samosa zikapoa.

Kosa halikuwa la diski wala la mashine. Blu-ray imegawa dunia mara tatu. Eneo A ni Amerika na Asia ya Mashariki, B ni Ulaya, Afrika na Australia, C ni Uchina bara, India, Urusi na majirani zao. Anayenunua haki za kuuza filamu Marekani amelipia Marekani tu, kwa hiyo diski yake hufungwa kwa A ili isije ikamharibia soko mwenye haki za kwingine. Sisi tuko chumba kimoja na Uingereza. Hong Kong, zilikotengenezwa hizo filamu, iko chumba kimoja na Marekani. Diski za 4K, zile za picha kali zaidi, hazina ufungaji huo, lakini hizi hazikuwa za 4K. Na nitasema jambo ambalo wenye haki hawatalipenda: VCD hazikuwa na maeneo kabisa. Zile nakala za wizi tulizouziwa shilingi hamsini, mbili ndani ya karatasi moja ya nailoni, zilicheza Nakuru, zikacheza Kampala, zikacheza popote penye stima. Ni ile iliyolipiwa kihalali iliyogoma.

Aliyetuokoa ni kijana wa PlayStation kule mtaa wa Shabab. Ana chumba chenye TV nne ambapo watoto hulipa kwa mechi, na moja ya mashine zake, PS4, ililetwa na ndugu yake kutoka Marekani. Mashine ya Marekani husoma diski za Marekani. Tulielewana kwa bei ya mechi ishirini. Watoto waliofukuzwa walikaa nje kwenye tofali wakituangalia kama watu tuliokuja kuchukua shamba.

Tukapiga kura tuanze na ipi. Ikashinda The Big Boss ya mwaka 1971, ile iliyopigwa Thailand, ya kiwanda cha barafu ambamo dawa za kulevya zinafichwa ndani ya vipande vya barafu. Wamarekani waliipa jina jingine, Fists of Fury, linalokaribia kabisa jina la filamu yake nyingine, Fist of Fury, na hiyo ni sababu moja ya watu wa rika langu kubishana miaka yote kuhusu filamu mbili wakidhani ni moja, au moja wakidhani ni mbili. Bondeni tuliiita Bigi Bosi, kwisha.

Dakika ya kwanza haijaisha, kanga wa kwanza akasema, "Wamekata picha." Alikuwa anaonyesha ile mistari miwili myeusi juu na chini ya skrini. Wengine wakaunga mkono. TV ni ya inchi 50, picha imeacha kama robo ya skrini nyeusi. Kwa mtu aliyelipa ni kama kuuziwa mkate uliokatwa ncha. Hapo mwalimu akainuka. Akaomba daftari la madeni la kijana wa PS, akachora kisanduku kirefu chembamba, ndani yake akachora kingine kifupi.

"Filamu yenyewe," akasema, "ukigawanya upana kwa kimo unapata 2.35. TV ya kisogo ya vidio yetu ilikuwa nne kwa tatu, yaani 1.33. Gawanya."

Inatoka kama 0.57. Maana yake ni kwamba katika kila mita moja ya upana wa picha ile, sisi tulikuwa tunaona sentimita 57. Zile 43 zilitupwa ili picha ijaze TV, na mtu fulani alikaa mahali fulani akiamua sasa tuonyeshwe upande wa kulia, sasa wa kushoto. Waliokata ni wale wa zamani. Mistari myeusi ndiyo dalili kwamba hakuna kilichokatwa.

Nilifikiri hoja imeisha. Haikuisha, kwa sababu mama wa samosa hakuwa akisikiliza hesabu, alikuwa akitazama. Ilikuwa vurugu za kiwandani, watu wamejaa kutoka ukingo hadi ukingo. "Hawa wote walikuwa wapi?" akauliza. Kwenye kanda yetu teke lilikuwa linatoka, halafu mtu anaanguka upande mwingine bila wewe kujua lilimfikaje. Tulizoea. Tulidhani ndivyo kung fu ilivyo, kwamba mguu wa Bruce Lee una kitu kisichoonekana. Sasa unaona mguu, unaona hewa kati yao, unaona na aliyepigwa. Kanga wa pili akasema kwa sauti ya mtu aliyepunjwa: "Kumbe anawafikia tu."

Sikumcheka. Alikuwa ametaja kitu cha kweli. Ule ukataji ulimwongezea Bruce Lee nguvu asizokuwa nazo, na huyu jamaa alikuja na nguvu hizo kichwani. Toleo safi limemrudisha kuwa binadamu hodari sana. Kwangu hiyo ni sifa. Kwake ni hasara, na siwezi kumlazimisha aione vingine.

La chengachenga nalipita haraka. Muuza mitumba alitaka picha laini kama ya mpira wa moja kwa moja, na hizo punje ndogo zinazochemka ukutani alizichukua kuwa uchafu. Si uchafu. Filamu ya milimita 35 ni punje za kemikali zilizopigwa na mwanga, ukizifuta unafuta na ngozi za watu, wanabaki kama sabuni. VCD ilikuwa na nukta 352 kwa 288, diski hii ina 1920 kwa 1080, zaidi ya mara ishirini. Ukisogea karibu hivyo na kitu chochote utaona vinyweleo vyake.

Lalamiko lililonishtua lilikuwa la fundi redio. Alikaa kimya muda mrefu, mikono kifuani, kisha akasema, "Huyu mtu anachelewa."

Tukamzomea. Bruce Lee alifariki Julai 20, 1973, akiwa na miaka 32. Hakupata hata nafasi ya kuchelewa. Fundi akashikilia. Ngumi zinachelewa, watu wanatembea kama wametoka kula, hata sauti zimekuwa nzito. "Nilirekebisha deki ya vidio ile miaka sita," akasema. "Najua inavyolia."

Nikarudi nyumbani na hilo, na kesho yake nikampigia simu kumwomba msamaha. Filamu ya sinema hupigwa kwa picha 24 kila sekunde. Mfumo wa televisheni tuliorithi Kenya, PAL, huenda kwa 25. Waliohamisha filamu kwenda kwenye kanda na diski za PAL hawakuhangaika, waliikimbiza tu kidogo zaidi mpaka 24 ikawa 25. Hiyo ni asilimia nne na ushee. Filamu ya dakika 100 inaisha kwa 96, na sauti zote zinapanda, pungufu kidogo ya nusu toni. Blu-ray inarudi kwenye 24. Kwa hiyo Bruce Lee wa Bondeni alikuwa kweli mwepesi zaidi kuliko Bruce Lee wa sanduku, na sauti zilizomzunguka zilikuwa kweli nyembamba zaidi, na fundi aliyaweka hayo masikioni karibu miaka thelathini bila kuandikiwa na mtu. Sijui kama kuna wakusanyaji wa ng'ambo wenye sikio hilo. Huyu hana diski hata moja kwake.

Lakini lalamiko kubwa, lililokuwa chini ya mengine yote, lilikuwa sauti. Yaani Mzee hakuwemo.

Kwa msomaji ambaye hakupitia vidio, nieleze kidogo. Filamu ilikuja kwa Kiingereza au Kichina, na ukumbi umejaa watu waliolipa shilingi tano ambao hawakuwa na haja ya kusoma maandishi ya chini. Pembeni anakaa mtu na maiki. Anatafsiri, anaongeza, anawapa maadui majina ya watu wa mtaa, anakuambia steringi anawaza nini, anakutahadharisha geuka nyuma. Leo nchi nzima inamjua DJ Afro kwa kazi hiyo, Uganda wanao VJ wao, Tanzania walikuwa na Lufufu. Kisheria mambo hayo yana utata wake, nakala za wizi juu ya nakala za wizi, na sitajifanya sijui. Ila ukweli mwingine ni kwamba kwetu sauti hiyo ilikuwa ndiyo filamu.

Kijana wa PS, ambaye alizaliwa baada ya vidio kufungwa, alitushangaa. "Lakini hii ndiyo orijino," akasema. Akabonyeza menyu kuonyesha: kuna Kimandarini, kuna Kiingereza.

Hapo ndipo nilipoona kijitabu cha sanduku kinaweza kumsaidia mtu kuliko anavyodhani. Filamu za Hong Kong za miaka ile zilipigwa bila sauti. Waigizaji walizungumza mbele ya kamera, kisha watu wengine wakaingia studio na kuingiza maneno. Katika The Big Boss, anayezungumza kwa Kimandarini si Bruce Lee, na anayezungumza kwa Kiingereza pia si yeye. Muziki nao ni hivyo. Wa toleo la kwanza ulitungwa na Wang Fu-ling, wa toleo la Kiingereza ukatungwa upya na Mjerumani, Peter Thomas. Baadaye likaja la Kikantoni na sauti zake na muziki wake. Sasa niambie ipi ni orijino. Kila aliyeipokea filamu ile aliikuta mdomo wake uko wazi, akauwekea maneno. Mzee alifanya walivyofanya wa Hong Kong na wa Ujerumani, tofauti ni kwamba wao walilipwa na wenye filamu, yeye alilipwa chai na nusu ya nauli.

Sisemi kazi zao ni sawa. Mzee alikosea, na jioni ile tulimkamata hadharani. Ni ile habari ya hirizi.

Kwenye filamu, kijana anayeigizwa na Bruce Lee ana kidani cha jade shingoni. Kwa nusu nzima ya mwanzo hapigani. Wenzake wanapigwa, yeye anakunja ngumi na kukishika. Vurugu zinapofika shingoni mwake na kidani kukatika, ndipo mambo yanapoanza. Kwenye kanda yetu kilikuwa kitu cheupe kisichojulikana, na Mzee alitueleza kuwa ni hirizi aliyofungwa na mama yake, imezuia nguvu zake, ikikatika nguvu zinatoka. Mtaa mzima uliamini. Kuna watoto waliokata hirizi zao wenyewe wakaenda kupigana mtaa wa Flamingo, wakarudi wamevimba.

Safari hii tulisoma maandishi ya chini. Hakuna uchawi. Aliahidi kutopigana tena, na kidani ni ukumbusho wa ahadi. Mwalimu alisimamisha picha ili wote tuione sentensi. Watu wakamgeukia Mzee.

"Ahadi ingewakalisha?" akauliza. Hakuwa na aibu hata kidogo. "Mlikuwa mmeanza kurusha maganda ya miwa. Mtu anapigiwa ndugu zake nusu saa hafanyi kitu. Ningewaambia ameahidi, mngedai pesa zenu."

Nakiri nilicheka, na ninaamini alifanya vibaya. Ahadi ni nzito kuliko hirizi. Hirizi ikikatika, mtu hana hatia. Ahadi akiivunja ni yeye. Bila hiyo, sehemu ya mwisho ya filamu, pale anapobaki na maiti za watu wake na mkono wa sheria unamngoja, inakuwa ushindi tu. Kwa hili sanduku lilitupa kitu tulichokuwa tumenyimwa, na mama wa samosa, aliyekuwa ameiona mara nyingi kuliko sisi wote, alipangusa macho kwa ncha ya leso. Ndiye pekee aliyenipatia yale machozi niliyoyategemea.

Ikabaki ya msumeno.

Usiku, kiwandani, steringi amegundua kilichomo ndani ya barafu na maadui wamemzunguka na visu. Kuna msumeno wa kukatia barafu. Kanga wa kwanza akatuambia tunyamaze. "Sasa angalieni. Anamwekea mmoja hapa," akajigusa katikati ya paji la uso, "unabaki umesimama kichwani." Tukaegemea mbele. Msumeno ukaonekana. Pigo halikuwepo, picha iliruka ikaenda kwingine.

Kanga akaruka pia. Wameikata! Sanduku la dola mia, wameikata! Alikumbuka vizuri, alikumbuka na damu, alikumbuka alikuwa amekaa benchi ya tatu. Muuza mitumba naye aliikumbuka. Mimi pia, na hapa ndipo kisa kinaponishinda, mimi pia nilikuwa nayo kichwani.

Tukio hilo lilipigwa kweli. Wapenzi wa Bruce Lee duniani kote wanalizungumzia, liliondolewa kwa ajili ya wakaguzi wa filamu, na kilichobaki kikijulikana sana ni picha ya mnato. Haimo katika diski hizi kwa sababu haikuwemo katika filamu iliyosafishwa. Na kanda ya vidio ya Bondeni, nakala ya nakala, haielekei kuwa na kitu ambacho walioanzia kwenye negativu hawakukipata. Hilo ndilo jibu la akili. Lakini fundi alikuwa sahihi juu ya kasi, na mama wa samosa alikuwa sahihi juu ya watu waliokosekana pembeni. Kwa nini kumbukumbu iwe shahidi mzuri dakika hii na mwongo dakika ile?

Aliyejibu ni Mzee, tena taratibu, huku akijifanya anatafuta kofia yake.

"Niliiona ile picha kwenye gazeti moja la karate," akasema. "Kila tukifika hapo filamu inaruka, na mlikuwa mnashtuka. Nikawa najaza. Nilisema, huyooo, msumeno umeingia, umesimama, hautoki. Spika ikivuma."

Kimya. Hata watoto wa nje waliacha kugonga mlango. Nilijaribu kuirudia kumbukumbu yangu, na bado iko, rangi na yote: kichwa, meno ya msumeno, jicho limegeuka. Hakuna aliyenionyesha. Niliambiwa gizani, nikiwa na miaka kumi na miwili, na mtu niliyemwamini.

Kanga alitikisa kichwa. "Wewe uliiona kwenye gazeti, Mzee, sikatai," akasema. "Mimi niliiona ikitembea."

Akamwomba kijana wa PS arudishe nyuma kidogo. Akarudisha. Msumeno ukaonekana, picha ikaruka. Akaomba tena, polepole zaidi.